Ndege Niliowawekea Kistari

Jumatatu iliyopita nilirudisha darubini stoo. Mtunza stoo aliigeuza mara tatu, akapuliza vioo, akanitazama kama mtu aliyeazima ng'ombe akarudisha mkia, kisha akanisogezea kitabu nisaini. Nikasaini. Hivyo ndivyo kazi ya maisha yangu ilivyokwisha, saa nne asubuhi, kabla ya chai.

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa ofisi mlinipa cheti, sufuria kubwa ya pilau na hotuba tatu. Nawashukuru kwa sufuria. Wakati wa keki mmoja wenu aliniuliza kwa nini madaftari yangu ya miaka minne ya mwisho yamejaa alama nyekundu za kuuliza. Nikacheka, nikamwambia ale keki. Halikuwa jibu. Mtayafungua madaftari yale kila mtakapotaka kulinganisha msitu wa Walubira na mashamba ya misonobari yaliyopakana nao, na mtu atakayeyasoma bila kujua kisa chake anaweza kuumaliza msitu ule kwa kalamu. Mimi nilikaribia kufanya hivyo. Basi nimekaa barazani kwetu Luzira, upepo wa ziwa unanipeperushia karatasi, na sasa najibu.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, Mkatoliki wa Arua. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, mtu wa swala tano. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu kilikuwa cha wote na hakikuwa cha mmoja. Nilipoajiriwa kwenye misitu nilidhani nitapewa meza yangu na mihuri. Badala yake nilikabidhiwa kwa Mkenya mmoja mrefu aliyeitwa Wafula, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuja Kampala kufundisha kwaya ya kanisa, akaishia kuhesabu ndege wa msituni kwa masikio, na hakuona kwamba amebadilisha kazi.

Siku ya kwanza tulitoka mjini alfajiri, tukafika Walubira ukungu ukiwa bado umeshika vilele vya miti. Nilivaa koti jipya la nailoni ili nionekane mtu wa kazi. Tulisimama kwenye kituo cha kwanza, ambacho kilikuwa mti uliofungwa utepe, na Mwalimu akainua mkono tunyamaze. Nikavuta pumzi, koti likasema kwacha. Nikajikuna; kwacha.

"Toa hiyo kitu," akaninong'oneza. "Unaongea kushinda ndege."

Nikalivua, nikatetemeka dakika kumi. Jumamosi ile nilikwenda soko la Owino nikanunua koti kuukuu la pamba, nililolivaa mpaka likawa kitambaa cha kufutia darubini. Mengine niliyojifunza wiki ile mnayajua, lakini hamyafuati. Kula muhogo kabla ya kuingia, maana tumbo lenye njaa lina sauti ya njiwa. Andika kwa penseli, maana mvua hunywa wino. Na ukifika kituoni usianze kuhesabu. Simama kwanza dakika mbili, msitu ukusahau. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Wengi wenu mnaanza mkiwa bado mnakumbukwa.

"Mwalimu, sasa naandika nini?" nilimuuliza.

"Sikiza kwanza. Penseli itangoja."

Fomu ya ofisi ilikuwa na safu moja tu ya ndege. Mwalimu alikuwa na daftari lake mwenyewe, alilolipiga mistari kwa rula, lenye safu nne: soprano, alto, teno, besi. Kila ndege aliyesikika katika dakika kumi za kituo aliingia kwenye sauti yake, kwa jina kama tunalijua, na kama hatulijui, kwa noti zake, do re mi, kama kwaya zinavyofundishwa. Safu ikikosa ndege, aliweka kistari kidogo. Kistari kilikuwa na maana yake: nimesikiliza, hapakuwa na mtu.

Nilimwambia mimi do re mi siijui. Upande wa mama nilipitia chuo cha Kurani, upande wa baba katekisimu, na kote huko hakuna aliyenitia kwenye kwaya.

"Ndege hawana dhehebu," akasema. "Imba nyuma yangu."

Tuliimba garini kutoka Walubira mpaka Kampala, wiki baada ya wiki, na dereva akaomba uhamisho. Nikajifunza kwamba hondohondo ni besi, na njiwa wakubwa wa msituni vilevile. Kulukulu ni teno mwenye majivuno. Shore ni alto, na hanyamazi. Soprano walikuwa wale wadogo wa juu kabisa, ambao huwaoni. Unasikia tu uzi mwembamba wa sauti ukishuka kutoka majanini. Mmoja wao hatukuwahi kumpatia jina la kitabuni mpaka baadaye sana, na lilipopatikana hatukulitumia. Alikuwa anaanza kabla ya wote na anamaliza baada ya wote, so, mi, do, so, mi, do, kwa hiyo Mwalimu alikwisha kumbatiza Mke wa Mchungaji.

Wiki ya pili tulivuka barabara ya vumbi tukaingia kwenye misonobari. Sitawadanganya: niliipenda. Chini palikuwa na zulia la majani makavu, kama sindano, na miguu yetu haikutoa sauti. Miti ilisimama kwenye mistari na ukungu ulipita katikati yake bila kugusa kitu. Nilihisi natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

"Mwalimu, hapa ni pazuri kuliko kule."

"Ni pazuri," akasema. "Sasa andika."

Dakika kumi. Shore mmoja, mbali. Upepo. Shore yuleyule. Mwishowe soprano mmoja alilia mara mbili akapita zake. Niliweka vistari viwili, kwenye teno na kwenye besi, na vituo saba vilivyofuata vilifanana hivyo hivyo, hata nikaanza kushuku kwamba tunazunguka mti mmoja.

Wakati wa chai Mwalimu alinieleza akiwa ameketi kwenye bonet ya gari. Msitu wa asili, alisema, ni nyumba ya orofa. Kuna wapangaji wa chini kwenye vichaka, wa katikati kwenye miti michanga na mitambaazi, na wa juu kwenye mivule na mitini, na kila orofa ina chakula chake. Msonobari una sakafu na paa, katikati hakuna nyumba. Kisha akanionyesha ng'ambo ya barabara mti mkubwa uliokufa wima, wenye tundu. Ndani ya tundu lile jike la hondohondo lilikuwa limejifungia kwa matope, dume likimlisha kupitia ufa. "Hapa upande huu," akasema, akigonga bonet, "mti ukizeeka wanaukata. Hondohondo atazalia wapi? Kwa ofisi?"

Lakini hakuniruhusu kuichukia misonobari. Mapaa ya nyumba zetu yanatoka huko, alisema, na ikipandwa kwenye ardhi iliyokwisha kuwa tupu haimdhulumu mtu. Ugomvi wetu nayo ni mmoja: isiwekwe pale penye msitu. "Na masikio yako yasionee hata mti ambao huupendi. Ukisikia, andika. Usiposikia, weka kistari." Kanuni hiyo nimeibeba miaka yote, na ilikuja kuniuma.

Kisa kimoja cha miaka ya katikati niwasimulie, maana kinafundisha kuliko semina. Kulikuwa na kipande cha misonobari ambacho vibarua walikuwa hawajakifyeka kwa muda mrefu. Miche ya mitini na misizi ilikuwa imejiotea chini, mitambaazi imepanda, na ndege wameanza kurudi. Tulisikia alto watatu na hata teno mmoja. Tulifurahi, tukamwandikia msimamizi wa shamba barua ya heshima kwamba tutakuja kukipima rasmi. Tulipofika alitupokea na shati safi.

"Karibu, nyabo. Karibu, Mwalimu. Nimefyeka yote, mupate kuona vizuri. Ilikuwa muchafu, nilisikia haya."

Pale chini palikuwa peupe kama ukumbi uliofagiliwa kwa ajili ya harusi. Mwalimu alimshika mkono, akamshukuru kwa muda mrefu, kisha akaenda nyuma ya gari akakaa peke yake. Tangu hapo sikuwahi kumtangazia mtu ziara. Nanyi msitangaze.

Mwalimu alipokaribia kustaafu alinifanyia heshima ambayo sikuitarajia. Asubuhi moja, kwenye kituo cha saba, alinipa daftari la safu nne akasema, "Candiru, kuanzia leo soprano ni yako. Mimi nitabaki na besi." Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, na mama, ambaye hakujua soprano ni nini, alinichinjia kuku. Tulifanya kazi hivyo miaka yake yote iliyobaki: yeye akiwasikiliza hondohondo na njiwa huku amefumba macho, mimi nikivua nyuzi nyembamba za juu. Kisha akarudi kwao Kenya, nami nikabaki na sauti zote nne peke yangu. Niliona ndivyo inavyopasa. Fundi hagawi kazi yake.

Miaka hiyo ya upweke ndiyo niliyoipenda kupita zote. Kuna asubuhi nilisimama kituoni na dakika kumi zikapita nisijue zilikopita. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima na sikumbuki kushika penseli. Msitu ukikusahau sawasawa, nawe unajisahau.

Halafu msitu ukaanza kunyamaza.

Haikuwa ghafla. Mwaka mmoja vistari vichache, mwaka uliofuata vikaongezeka. Mke wa Mchungaji, aliyekuwa kila kituo, akabaki vituo vitatu, kisha kimoja, kisha hayupo. Niliomboleza. Niliwakalisha nyote kwenye veranda ya ofisi nikawaambia kwamba msitu unaweza kufa ukiwa umesimama, na wengine wenu mliandika maneno hayo kwenye madaftari yenu. Nilikuwa na hotuba nzuri sana.

Katika mwaka wa nne wa ukimya ule alihamishiwa kwetu Nabirye, ambaye kazi yake ilikuwa kupima miti. Mnamjua, ndiye sasa anayewatoa kitandani alfajiri. Asubuhi moja alikuwa karibu nami na utepe wake wa kupimia, mimi nikiwa katikati ya dakika kumi, akainua kidole.

"Mama, hapa juu kuna kitu inaria."

"Wewe pima miti," nilimwambia. "Ndege niachie."

Akapima miti. Nikaweka kistari.

Mwaka huohuo kampuni moja ya mbao ilileta ombi ofisini. Walitaka upande wa mashariki wa Walubira, kuanzia kituo cha tano hadi cha tisa, waukate wapande misonobari. Hoja yao ilikuwa ya adabu na ilitoka kwangu: yaliyonukuliwa mle ndani yalikuwa madaftari yangu. Kama msitu na shamba vimeanza kulingana kwa ndege, walisema, nini kitakachopotea? Mkuu wetu aliniita nithibitishe kwa maandishi. Nilipiga hesabu mara mbili, nikitamani nikosee, lakini tofauti ilikuwa kweli imepungua. Nikaandika kwamba imepungua. Nikasaini kwa mkono huu huu, na kikao cha kuamua kikapangwa wiki iliyofuata.

Jumamosi kabla ya kikao nilikuwa jikoni kwetu nakata vitunguu. Dada yangu Hadija, ninayeishi naye, ana birika la filimbi alilolipenda kuliko ndugu zake. Akaingia mbio kutoka uani.

"Wewe Candiru! Birika inapiga kelele mpaka majirani wananiita, na wewe umekaa hapa tu?"

Nilitazama. Birika lilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye filimbi mzito na mweupe, bila sauti yoyote.

"Haijalia," nikasema.

Hadija alinitazama, akatazama birika, na hasira ikamtoka usoni. "Inalia, dada," akasema polepole. "Mpaka sasa inalia."

Nilikwenda siku hiyohiyo Old Kampala, kwa mtaalamu mmoja wa masikio mwenye chumba kidogo ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alinivisha vikombe vya masikioni, akanipa kitu cha kushika. "Ukisikia, Mama, finya batani." Nilifinya kwa sauti nene, nikafinya kwa za katikati. Kisha sauti zikakoma. Nilisubiri. Kupitia kioo nilimwona anageuza vifungo, anaandika, anageuza tena, na mimi nimekaa na kidole juu ya batani. Ukimya ule niliujua. Nilikwisha kuusikiliza miaka minne, nikauandika, nikauhutubia verandani, na wakati wote huo ulikuwa ndani ya kichwa changu.

"Ni umri, Mama," mtaalamu aliniambia. "Zinaanza kwenda zile za juu. Mutu hawezi jua, kwa sababu watu bado anawasikia."

Nyumbani nilitandaza madaftari mezani, yote, kuanzia yale ya zamani. Jambo lilikuwa wazi hata mtoto wa shule angeliona. Besi walikuwa wamejaa, mwaka hadi mwaka. Teno walikuwa wamejaa. Alto hawakupungua. Ni safu ya soprano tu iliyokuwa imemomonyoka, na msitu haufi hivyo. Msitu ukiumia huanza kumpoteza hondohondo, anayetaka mti mkubwa wenye tundu. Huyu wangu alikuwepo kila asubuhi, akinipigia kelele juu ya kichwa. Safu nne za Mwalimu zilikuwa zimeniambia ukweli miaka yote minne. Mimi nilizijumlisha, nikaangalia jumla. Dada yangu alisimama mlangoni akasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akaniwekea chai kwa sababu nilikuwa nalia.

Nililia kwa aibu, na niseme hivyo, msije mkafikiri nililia kwa ajili ya ndege. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu na jina zuri. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Birika halitoi ushahidi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo hakikuwa changu, kilikuwa cha kituo cha tano hadi cha tisa.

Jumapili nilimpigia simu Mwalimu Wafula, kwao Kenya. Nilimweleza yote.

"Mke wa Mchungaji aliniacha mwaka ule niliokupa soprano," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na nikamkumbuka mama yangu na kuku wake.

"Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Nilijiambia, huyu msichana ana masikio mazuri, kazi haitaharibika. Na kazi haikuharibika." Akavuta pumzi. "Lakini ningekuambia kwa nini, Candiru, nawe ungetafuta mtu wako mapema. Hiyo ni yangu. Usiibebe yote wewe."

Jumatatu niliingia kwa mkuu kabla hajavua koti. Nilimwekea mezani karatasi ya mtaalamu wa masikio na daftari la safu nne, nikamweleza nimesimama. Alifunika uso kwa mikono.

"Banange, Mama. Miaka nne! Sasa mimi naenda kuambia hawa watu nini?"

"Waambie nimezeeka," nikasema. "Na uwaambie wanipe mwezi mmoja. Tutapima upya, vituo vyote, pande zote mbili za barabara."

"Na nani? Na hayo masikio?"

"Na Nabirye."

Wiki ile ndiyo niliyoweka alama nyekundu. Sikufuta nilichokisikia, kwa sababu nilichokisikia kilikuwepo. Nilikwenda kwenye safu ya soprano, miaka yote minne, kistari kwa kistari, na kila kimoja nikakiwekea alama ya kuuliza. Nabirye alikaa nami siku mbili akinifungulia kurasa. Tulipofika kwenye vituo vya misonobari akanishika mkono.

"Hizi uwache, Mama. Huko kweli hakuna kitu. Hawa watu watatumia hii kutushinda."

Nilitaka sana kumsikiliza. Lakini masikio niliyopeleka msituni ndiyo yaleyale niliyopeleka shambani. Nikaweka alama na huko, kila kistari, na kila nilipoiweka nilijiona nawapa wale wa mbao panga.

Kabla ya kwenda nilimwambia Nabirye yale ambayo Mwalimu hakuniambia. "Chukua soprano, mimi nitabaki na besi. Si heshima ninayokupa. Sisikii." Akasema yeye anajua kuimba, kanisani kwao yumo kwenye alto, lakini majina ya ndege hawa wadogo hayajui. Hapo ndipo tulipotengeneza namna yetu ya kufanya kazi, ambayo sasa mnaiona ya kawaida. Dakika kumi zote yeye anainua kidole kwa kila sauti mpya ya juu anayoisikia, na anaiandika kwa do re mi, huku simu yake ikirekodi. Dakika zikiisha, ananiimbia kila moja kwa sauti ya chini, mahali ambapo masikio yangu bado yanafika, nami namwambia ni nani.

Tulianza na misonobari. Kwenye kituo cha kwanza aliinua kidole kimoja, na baada ya muda cha pili. Nikaliwaza lile panga la watu wa mbao. Kituo cha pili, vidole viwili. Aliponiimbia, walikuwa ni walewale wawili, na wakaendelea kuwa walewale wawili mpaka mwisho wa shamba. Nilikuwa nimewaonea, walikuwepo wakati wote. Tukawaandika.

Mwezi ulipokwisha matokeo yalikwenda kwenye kikao kilichokuwa kimeahirishwa, na ombi la kampuni likarudishwa na barua fupi. Mashariki ya Walubira iko palepale. Mwezi uliopita mlikuwa huko mkilalamika siafu. Mkuu hakunisamehe kabisa, na hotuba yake ya kuniaga ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote. Nyinyi mtakaofika umri wangu, tafuteni mtu wa kusikiliza naye kabla hamjamhitaji, na mwambieni sababu. Siku hizi bado naamka kabla ya alfajiri, na kuna wakati, kabla sijaamka vizuri, nawasikia wote, safu zote nne. Nikifumbua macho soprano wanaondoka.

Lakini nataka niwaache kwenye kituo cha saba, asubuhi tuliyovuka barabara kutoka kwenye misonobari. Ukungu ulikuwa haujainuka. Tulisimama dakika mbili msitu utusahau, kisha nikabonyeza saa. Mimi nilisikia hondohondo mmoja, njiwa, kulukulu kwa mbali. Juu yao, kwangu, hapakuwa na kitu. Nikamtazama Nabirye. Kidole gumba kiliinuka. Kikafuata cha pili. Cha tatu na cha nne vikaja pamoja. Mkono wa kwanza ukajaa, akahamishia penseli mdomoni, mkono wa pili ukaanza, ukajaa nao. Akavitazama vidole vyake kumi, akanitazama mimi, akavikunja vyote na kuanza upya na gumba. Nilikuwa nimesimama katikati ya kelele ile yote, nikiitazama.

Saa ililia, nilijua kwa sababu ilitetemeka mkononi. Nabirye alisogea karibu, akafungua daftari, akatafuta mstari wa kwanza kabisa wa safu ya kwanza. Akaimba polepole, kwa sauti yake ya chini ya kanisani: so, mi, do. So, mi, do.

"Huyu ndiye alianza mbere ya wote, Mama," akasema. "Na mpaka sasa hajanyamaza. Ni nani?"

Niliweka kidole changu kwenye mstari ule wa kwanza.

"Andika Mke wa Mchungaji," nikamwambia. "Alikuwa hapa wakati wote."